Noti za Kwenye Paji la Uso

Kwetu mtu akifanya jambo la kuwafurahisha watu, haachwi arudi nyumbani na makofi matupu. Anaitwa mbele, kwaya inaanza kuimba, anacheza, na watu wanatoka mmoja mmoja kwenda kumtuza. Unatoa noti, unaibandika kwenye paji lake la uso lenye jasho, unacheza naye kidogo, unarudi kwenye kiti chako. Nimeona bibi harusi akituzwa hivyo, na mpiga gitaa, na kijana aliyefaulu mtihani, hata mchungaji mgeni aliyehubiri vizuri. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ule ni mshahara.

Nilikuja kuambiwa na watu waliovaa tai, katika hoteli moja ya Morningside, hapa Durban, mwaka uliofuata Kombe la Dunia. Sasa mimi ni mtu mzima, nina kazi yangu, na watu wananishauri nisamehe. Nitasamehe siku nitakayotaka mwenyewe. Leo nina hasira na nataka kueleza kwa nini.

Nilikuwa mkimbiaji wa mita elfu moja na mia tano. Tulitoka Uvira, Kongo, nikiwa bado mdogo, mama akaanza kuuza nguo za mitumba Isipingo, karibu na kituo cha teksi, na mimi nikaanza mbio shuleni kwa sababu ndio mchezo pekee ambao haukumdai mama chochote. Nilipomaliza shule, chuo kikuu kimoja cha hapa Durban kilinichukua kwa udhamini wa riadha. Nilipewa karo, nilipewa chumba, na nilipewa chakula siku za mazoezi. Siku ambazo hazikuwa za mazoezi, tumbo langu lilikuwa shauri langu.

Mwanzoni sikulalamika. Mtu aliyetoka kulala watu sita chumba kimoja akipewa kitanda chake peke yake, ataona amefika. Lakini mwaka wa kwanza nilishinda mbio za barabarani zilizofanyika kule ufukweni, na nilipopanda jukwaani kupokea bahasha, mkono wa kocha uliifikia kabla ya wangu. Alinieleza baadaye, kwa upole kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara, kwamba mwanariadha wa chuo ni mwanafunzi, na mwanafunzi hakimbii kwa pesa. Zawadi ni ya timu. Ndiyo kanuni ya chama cha michezo ya vyuo, na ipo ili mchezo wetu ubaki safi.

Usafi huo ulikuwa wa kwetu tu. Kocha alilipwa. Dereva wa basi letu alilipwa, na sikumwonea wivu, alikuwa na watoto. Aliyeshika saa mwisho wa mbio alilipwa posho. Kampuni moja ya vinywaji iliilipa timu, kisha ikabandika picha yangu ubavuni mwa mabasi, mimi na mdomo wazi na shingo imekakamaa, na chupa yao kubwa kuliko kichwa changu. Mama aliliona basi lile likipita Isipingo, akawaita wauzaji wenzake wote waje kutazama. Jioni akaniuliza walinipa nini. Nilimwambia fulana.

Hata hivyo hayo ningeyavumilia. Kilichonitoa chuo kile ni masomo. Nilikuwa nasomea biashara kwa sababu ndiyo nafasi iliyokuwepo, na kila siku nilitamani fiziotherapia. Nilikuwa nimeumia goti mara moja, na mwanamke aliyenitibu alilishika goti langu kama fundi saa, akaniambia kila uchungu ulikotoka. Nikasema kazi ni hii. Chuo chetu hakikuwa na kozi hiyo. Chuo kimoja cha Johannesburg kilikuwa nayo, kikanikubali, na timu yao ikanipa udhamini kamili, kwa sharti moja: nianze kuwakimbilia msimu huo huo. Udhamini wao ulikuwa wa mtu anayekimbia. Wa kukaa pembeni hakuna anayemlipia karo, na ni haki yao.

Sasa sikiliza kanuni nyingine. Mwanafunzi akitaka kuhama chuo na kuendelea kushindana, sharti timu yake ya zamani imruhusu. Isipomruhusu, anakaa mwaka mzima bila kushindana popote. Ukitaka kubadilisha kozi, unaombea ruhusa kwa mtu wa riadha. Nilipomsomea mama habari hizo alicheka, akadhani namtania.

Nilikwenda kwa kocha asubuhi, nikamweleza. Alitabasamu, akasema anafurahi kwa ajili yangu. Kabla ya wiki kuisha niliitwa ofisi ya michezo na kuambiwa kwamba siwezi kuruhusiwa kuhama, kwa kuwa kuna shaka nimewahi kupokea malipo kwa ajili ya kukimbia. Ushahidi ni video. Walinionyesha: mimi, katika ukumbi tunaokodi kwa ibada juu ya duka la matairi, nacheza na noti usoni.

Video ile ilikuwa Facebook miezi mingi. Mtu wa kwaya ndiye aliyeiweka, kwa majivuno tu. Kocha mwenyewe alikuwa ameibofyia kidole gumba cha kupenda. Nilimwonyesha jina lake pale chini. Akasema wakati ule hakuwa ameielewa vizuri. Nilipokuwa nakimbilia timu yake, noti zilikuwa utamaduni. Nilipotaka kuondoka, zikageuka rushwa.

Acha niseme siku ile ilikuwaje. Nilikuwa nimeshinda mashindano ya vyuo vya nchi nzima, na Jumapili iliyofuata kanisa likafanya shukrani. Hatuna matajiri pale. Ni watu wa saluni, wa maduka ya simu, walinzi wa magari, Wakongomani na Warundi wengi. Waliobandika noti walibandika za rand kumi, wachache za ishirini, na aliyekuwa na sarafu aliiweka mkononi mwangu akaufunga. Mama alikuwa na noti moja ya kumi. Aliibandika, akacheza, akaibandua kwa ujanja akizunguka nyuma yangu, akarudi nayo tena mbele kama ni mpya, na akafanya hivyo mara ya tatu, ukumbi mzima ukiangua kicheko kwa sababu kila mtu alimwona. Ibada ilipokwisha, pesa zote zilinunua mchele na samaki wa kula na sombe, yaani kisamvu, tukala pale pale. Kwetu anayetuzwa huwalisha waliomtuza. Nilifika nyumbani na shibe tu.

Na kanuni zenyewe zilikuwa na mwanya. Ziliruhusu zawadi ndogo kutoka kwa ndugu na marafiki. Karani wa chama, ambako timu ilikuwa imepeleka shauri langu, alinipigia simu, sauti yake nzuri tu, akasema kamati itakaa Morningside, nilete watu wachache waliotoa, waseme walitoa kiasi gani. Kikiwa kidogo, shauri limekwisha na ruhusa nitapewa siku hiyo hiyo. Niliruka chumbani. Nilikuwa nimeshaanza kufunga vitu vyangu.

Nikawaomba watu watatu: mke wa mchungaji, ambaye sisi tunamwita mama pasteur, mama mmoja mwenye saluni mjini, na mama yangu. Niliwaambia hakuna cha kuogopa, wataulizwa walitoa ngapi, waseme ukweli. Wakaitikia. Siku yenyewe walikuja wamevaa vitenge vya harusi, vilemba vimesimama, mama amejipaka mafuta hadi viwiko vinang'aa. Nilipowaona kwenye sebule ya hoteli nilijisikia fahari. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Kamati ilikuwa watu watatu nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe. Mwenyekiti alikuwa mzee wa Kizungu, mpole kabisa. Alisimama kuwasalimia mama zangu mmoja mmoja, akawaagizia chai na biskuti. Kocha alikaa pembeni yangu kama mwakilishi wa timu. Mkalimani hakuwepo. Hakuna aliyekumbuka kumtafuta, kwa hiyo mimi niliyeshtakiwa nikaombwa kutafsiri ushahidi wangu mwenyewe. Wote wakaona ni sawa.

Mwenyekiti akauliza, nami nikatafsiri: siku ile ya shukrani, ulimpa msichana huyu kiasi gani?

Mama pasteur aliweka kikombe chini, akanyoosha kitambaa chake begani. "Mimi nilimupa one hundred rand," alisema. "Ni mutoto yetu."

Nilikuwa sijafungua mdomo, na wale wawili wa pembeni walishaandika. Ndipo nilipoona shimo lililokuwa mbele yangu. Sisi hapa Durban tunasema Kiswahili chetu, lakini pesa tunazitaja kwa Kiingereza, sote, kila siku, sokoni na nyumbani. Maneno mengine yote ya mama zangu yalipitia kwangu. Zile pesa zilikwenda moja kwa moja mezani.

Na kuna jambo jingine ambalo nilipaswa kulijua, maana nimelelewa ndani yake. Kwetu aliyetuza haulizwi alitoa ngapi. Kile kilichobandikwa kimebandikwa, cha kumi na cha mia vyote vimefunikwa na wimbo. Ukimuuliza mtu mbele za watu, tena mbele ya wenzake, tena kwenye meza ya kitambaa cheupe, humwombi hesabu. Unamuuliza kama alimpenda mtoto. Na hakuna mama atakayejibu swali hilo kwa rand kumi.

Mwenye saluni alikuwa ameshamsikia mama pasteur. "Mimi one fifty," akasema. "Ningekuwa na ingine, ningeongeza."

Nilimtazama mama. Nilimwomba kwa macho. Nilimwona akivuta pumzi kama anayetaka kuinua mzigo, na nikajua. "Mimi niko mama yake," alisema. "Nilimupa five hundred rand."

Alitia chumvi mpaka mboga ikawa bahari. Rand mia tano hakuwa nazo mwezi mzima. Nilimgeukia nikasema kwa Kiswahili, polepole, "Mama, sema ukweli. Ilikuwa ten." Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa, kisha akaigeukia kamati na kutabasamu. "Huyu mutoto iko na haya," akasema. "Hataki mujue vile tunamupenda."

Mwenyekiti akauliza mama anasema nini.

Nilitafsiri neno kwa neno. Baada ya hapo nilijaribu kueleza kwa Kiingereza changu bora kwamba hawa wanakuza hesabu, kwamba kwetu ni aibu kusema kidogo, kwamba noti zilikuwa za kumi na tulizila siku ile ile na samaki. Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Kwa hiyo mashahidi wako wanadanganya?"

Mama pasteur Kiingereza cha kutosha anakijua. Alikuwa ameshika kikombe, ananitazama. Mwanamke huyo alitulaza kwake tulipofika Durban, akampa mama godoro lake. Nimjibu nini yule mzee? Niseme ndiyo, hawa wanawake watatu ni waongo, andika? Nilimgeukia kocha, kwa kuwa video haikuletwa pale na yeye alikuwa ameziona zile noti, angeweza kusema rangi yake tu, kila mtu wa nchi hii anaijua noti ya kumi ilivyo. Kocha alikuwa anatazama biskuti.

Uamuzi ulikuja baada ya chai ya pili. Zawadi si ndogo. Ruhusa ya kuhama imekataliwa, na mwaka mzima nisishindane popote. Mwenyekiti alisema anasikitika, na naamini alisikitika. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Angekuwa mshenzi ningemchukia nikapata nafuu.

Tukirudi, teksi iliwashusha mama pasteur na mwenye saluni. Tulipobaki wawili nikamlipukia mama. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, na aliyapokea bila kujibu hadi nilipoishiwa.

"Ungetaka niseme nini?" akauliza. "Mbele ya bale bazungu, mbele ya mama pasteur, niseme mutoto yangu ameshinda inchi muzima, na mimi mama yake nilimupa ten rand?"

Alikuwa analia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali lile la mezani lilimvua nguo, na yeye akajifunika na kitu cha kwanza alichokipata. Nilimhurumia, lakini hasira haikuisha, na sitasema iliisha. Ilibaki, na sikujua niipeleke wapi.

Johannesburg wakampa nafasi yangu msichana mwingine. Waliniandikia kwa heshima. Nikarudi kwenye biashara.

Kocha hakumaliza msimu. Chuo kingine kilimpa mshahara mnono zaidi, akafunga ofisi Ijumaa, Jumatatu alikuwa huko amevaa fulana yao, anapiga filimbi. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Hakukaa pembeni hata siku moja. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Alinitumia ujumbe wa kunitakia heri. Niliufuta, kisha nikajuta kuufuta, maana nilitaka kuujibu.

Mwaka ule wa kufungiwa nilitakiwa kuendelea na mazoezi kila siku, la sivyo chumba kinachukuliwa. Nilikuwa nawavutia kasi wasichana wanaojiandaa na mashindano, nawatangulia mizunguko miwili, nawapisha wapite. Wikendi wakipanda basi, mimi nawasaidia kupakia mifuko. Na picha yangu bado ilikuwa inapita Isipingo na ile chupa. Nilikuwa mchafu kiasi cha kutoruhusiwa kukimbia, lakini si kiasi cha kutouza soda.

Miaka ilipita, kelele zikaanza. Wanafunzi wa vyuo vingine nao walikuwa na visa vyao, mmoja wa raga alifungiwa kwa kukubali viatu kutoka kwa mjomba mwenye duka. Wakaandamana, wakaandika, wakakataa kupanda mabasi. Mwishowe chama kikabadilisha kanuni. Mwanafunzi anaweza kuhama mara moja bila kumwomba yeyote. Zawadi za ndugu na za makanisa hazihesabiwi malipo, ziwe kubwa au ndogo. Na mwenye picha yake kwenye tangazo apate fungu lake. Nilikuwa kazini niliposikia, kwenye ofisi ya kampuni ya mizigo karibu na bandari, na watu wangu wa enzi zile wakanipigia kunipongeza, kana kwamba nimeshinda kitu.

Kisha akapiga yule mwenyekiti. Amezeeka, alisema, anastaafu, na anataka nijue kwamba kamati ya mabadiliko iliijadili kesi yangu kuliko nyingine zote. Wale mama watatu hawajamtoka kichwani. Aliomba nije kwenye sherehe ya kutangaza kanuni mpya, nisimame jukwaani, niseme machache. Nilimuuliza kama kanuni mpya inafuta adhabu ya zamani. Akasema hapana, kanuni hazirudi nyuma. Nikamuuliza, basi nije kusherehekea nini?

Akasema, kwa upole wake ule ule, kwamba ulikuwa mwaka mmoja tu, na mimi bado kijana.

Sikwenda kwenye sherehe. Lakini nilitamani nimweleze kuhusu huo mwaka mmoja tu. Ulikuwa na jioni moja ya Agosti, baridi kidogo, upepo umekufa, timu imesafiri kwenda kushindana na uwanja mzima ni wa kwangu. Msichana niliyekaa naye bweni alikuja kunishikia saa. Nilikimbia mita elfu moja na mia tano peke yangu, bila wa kunivuta wala wa kunisukuma, na kuanzia mzunguko wa pili miguu iliniambia niiache iende. Nilipovuka mstari yule msichana alikuwa ameitazama saa, ananitazama mimi, anaitazama tena. Aliinyoosha nikaona. Sikuwahi kukimbia hivyo, na msichana wa nchi hii aliyeshinda mashindano ya vyuo wikendi ile hakukimbia hivyo. Tulikaa kwenye nyasi tukicheka kama wendawazimu, hadi akaniuliza tumwambie nani.

Tulifikiri. Hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Adhabu ilipokwisha nilirudi kushindana, nikajaribu kila msimu niliobaki nao chuoni. Sikuufikia tena muda ule.